Mchezaji wa Kumi na Moja

Kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya pili, Doornfontein, Johannesburg, kulikuwa na vyerehani vitatu na mafundi wawili, na kati ya mafundi hao wawili mmoja alikuwa marehemu. Usishtuke. Alikula, alikohoa, alinung'unika umeme ukikatika kama watu wengine wote. Ni makaratasi tu yaliyosema amekufa: Alexis, mzaliwa wa Uvira, miaka kumi na tisa, mchezaji wa Radi Sport, ajali ya basi, mwezi wa nne 2013. Na kaburi lilikuwepo, la saruji, lenye jina lake juu.

Aliyelala ndani ya kaburi hilo alikuwa kaka yake, Pacifique.

Ilikuwa hivi. Pacifique alijaliwa miguu ya mpira, hata asiyempenda hakubishia hilo, ila alikuwa ameshatimiza miaka ishirini na tatu, na mawakala wa Ulaya waliokuwa wakija kutazama hawakutaka mtu wa miaka ishirini na tatu. Walitaka mtoto. Basi watu wa klabu wakaja nyumbani, wakaomba cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake, wakabandika picha ya mkubwa. Alexis alikuwa anajifunza ushonaji na mpira hakuujua hata wa makaratasi. Akatoa cheti kama mtu anayemwazima nduguye shati la kwendea harusini. Kwa miezi saba Pacifique akacheza akiitwa Alexis. Redio ikamtangaza Alexis. Akafunga bao la kombe akiwa Alexis. Wakati timu inarudi na kombe lake, mvua ikinyesha, basi likaporomoka kwenye miteremko ya Ngomo, wakafa wachezaji kumi na moja, na redio ikasoma majina.

Klabu ile ilikuwa na wenyewe wawili. Mmoja Ignace, muuza saruji. Wa pili Honorable Damien Lukogo, mbunge, mtu wa malori na vituo vya mafuta, ambaye akipita mjini hata mbuzi walisogea. Wote wawili walijua kwamba ukweli ukitoka, kombe linachukuliwa, na kombe ndilo lililokuwa limebaki la kuwaonyesha watu. Wakamwambia mama wa marehemu: kilio kifanywe kwa jina la kwenye karatasi.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pacifique, kwa jina la kifungua mimba wake. Akasimama makaburini mbele ya kamera, akamlilia mwanawe aliyekufa kwa jina la mwanawe aliye hai. "Alexis wangu. Alexis, umeniacha na nani?" Alexis mwenyewe alikuwa amefichwa chumbani kwa shangazi yake, ng'ambo tu ya ukuta wa makaburi, na alisikia kila neno. Mwenzangu, kusikia mama yako anakulilia nawe unapumua, hilo si jambo la kusimulia ukitafuna karanga. Alikaa kitandani akajishika kifua kuhakikisha kinapanda na kushuka. Wiki mbili baadaye akaondoka na vyeti vilivyobaki nyumbani, vya kaka yake, na hapa Johannesburg karatasi yake ya ukimbizi ikaandikwa Pacifique.

Kwa miaka mitano, basi, kila asubuhi aliitwa kwa jina la maiti, akaitika. Hata mama yake kwenye simu alimwita Pacifique. Mwanzoni alisema ni kwa sababu ya majirani. Baadaye, hata majirani wasipokuwepo, lile jina jingine halikutoka tena kinywani mwake. "Lile nilishalizika," alisema, na Alexis hakumlaumu.

Kibaya zaidi ni sura. Utotoni walifanana kidogo tu, lakini kadiri miaka ilivyokwenda uso wa Alexis ukawa unahamia kwenye uso wa kaka yake, kwanza taya, halafu nyusi. Mwaka 2018 alitimiza ishirini na nne. Alikuwa amempita Pacifique umri. Kioo kirefu cha wateja alikihamishia upande wa Saida, yule fundi wa pili, mama wa Tanga aliyekuwa akishona mabaibui na sare za shule kwenye chumba hichohicho, na Saida hakuacha kumchokoza.

"Fundi gani wewe, huogopi sindano, unaogopa kioo?"

"Kinanipotezea muda, mama."

"Haya. Mie nilidhani unamwona mtu humo."

Alikuwa anamwona mtu humo, ila hakusema.

Mwaka huohuo moyo wa mama yake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, akawa hawezi kufika hata kanisani, na akatoa ombi moja tu. Alitaka jina la kwenye kaburi libadilishwe kabla yeye mwenyewe hajalazwa pembeni yake. "Sitaki kulala milele karibu na jina la mtoto aliye hai," alisema. "Nitakuwa nakuita, nawe utakuja." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi, na tangu siku hiyo Alexis hakula akashiba.

Ignace alikubali. Alikuwa ameokoka, anaimba kwaya, na dhambi zake alikuwa anazitoa moja moja kama mtu anayesafisha stoo. Akaandika barua ya kueleza kwamba mchezaji aliyezikwa kwa jina la Alexis ni Pacifique, na kwamba Alexis yu hai. Akasaini, akaituma Johannesburg. Lakini makaburi yale kumi na moja yaliwekewa mnara wa klabu, na klabu ilikuwa ya watu wawili. Bila sahihi ya pili hapakuwa na fundi wa kugusa herufi hata moja. Na Honorable hakupatikana. Alexis alimwandikia miezi mitatu, barua na ujumbe wa simu, asijibiwe. Honorable yuko nje kwa matibabu, watu walisema. Nje wapi? Nje tu.

Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, msichana mmoja akapanda ngazi za Doornfontein na suti sita mkononi. Aliitwa Chloé, alizungumza Kiswahili cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa, na alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

"Mjomba wangu amekonda," alisema. "Zote zinamvuka. Wameniambia kuna fundi wa kwetu hapa. Lakini utakuja nyumbani Midrand kumpima, papa. Yeye hatoki."

"Jina la mjomba?"

"Honorable Damien Lukogo."

Alexis aliinama kuokota chaki ambayo haikuwa imeanguka. Msichana alipoondoka, Saida alisimamisha mashine yake. Alikuwa ameona. Na kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii Alexis akasimulia yote, kuanzia cheti hadi kilio, na Saida akasikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo wewe si Pacifique," alisema mwishowe.

"Si mimi."

"Na miaka yote hii ninakuita wewe, anaitika yeye." Akashusha pumzi. "Nenda, mwanangu. Ila usiende na maneno mengi, wakubwa hawasikilizi maneno. Nenda na futi yako na hiyo barua. Mtu akishapigiwa magoti na fundi hujisahau."

Nyumba ya Midrand ilikuwa ndani ya uzio, na nyumba zote za humo zilikuwa rangi moja. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali la baridi, lakini ndani mapazia yalikuwa yamefungwa na taa zote zinawaka, hata ya chooni. Ukutani sebuleni vilipangwa viti vya plastiki kumi na kimoja. Chini ya viti kumi palikuwa na glasi ya maji. Cha kumi na moja hakikuwa na kitu.

Alexis alitaka kuweka mkoba wake pale.

"Usiweke hapo," Chloé alisema upesi. "Samahani. Yeye anasema vina watu. Maji nabadilisha kila asubuhi." Akatazama pembeni, aibu imemshika. "Daktari ameongeza dawa, bado. Tafadhali, fundi, umpime tu, usimuulize kitu."

Honorable aliletwa kutoka chumbani. Alexis alimkumbuka mtu mwenye kitambi cha kuwatangulia watu mlangoni. Huyu alikuwa mzee mfupi ndani ya pajama, shingo nyembamba. Alimpita fundi bila kumtazama, kama wakubwa wanavyowapita mafundi, akasimama katikati ya zulia na kunyoosha mikono. Chloé akaenda jikoni. Alexis akapima kifua, akapima mabega, akaandika. Kisha akapiga goti moja kupima urefu wa suruali, na hapo Honorable akatazama chini, akauona uso wake.

Mguu ndani ya pajama ukakauka kama mti.

"Alexis," Honorable alisema. "Umekuja."

Miaka mitano. Miaka mitano hakuna kinywa kilichomwita hivyo, wala cha mama, wala cha rafiki, na sasa jina lake linatoka kwenye kinywa hiki. Kabla hajafikiri, ulimi ukajibu wenyewe.

"Naam."

"Wenzako wote walikuja." Mzee alionyesha viti kwa kidevu. "Walianza mwaka jana. Mmoja mmoja. Golikipa alitangulia. Wewe tu ulikuwa hujaja, na mimi nikasema huyu ana hasira kuliko wote." Akajishusha taratibu mpaka akakaa kwenye zulia, uso kwa uso na fundi, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele. "Dereva alinipigia simu, mwanangu. Alisema mvua, barabara imekatika, tulale hukuhuku Bukavu. Nikamwambia watu wako uwanjani wananingoja mimi na kombe. Nikamwambia, kama unaogopa, shuka, mpe mwingine usukani."

Hilo Alexis hakulijua. Hakuna aliyelijua. Watu waliambiwa ni breki. Futi ilimponyoka mkononi, na hasira ikampanda kutoka tumboni mpaka masikioni, akatamani kumkaba yule mzee kwa futi ileile. Ni mama aliyemzuia, mama na miguu yake iliyovimba.

"Unataka nini?" Honorable aliuliza. "Sema. Nitakupa."

"Jina."

"Nitalichonga upya. Marumaru nyeusi. Nitaandika Alexis kwa herufi kubwa, mtu alione kutoka barabarani."

Jamani. Kumbe angeweza kuzikwa mara ya pili, tena kwa marumaru.

Angeweza kumwambia ukweli pale pale. Mimi ni mdogo wake, niko hai, niguse. Lakini alimtazama yule mtu, akaelewa kwamba hofu ndiyo kitu pekee kilichomkalisha kwenye zulia. Hofu ikitoka, Honorable atasimama, atamwita Chloé, na fundi atatolewa na walinzi, barua ikiwa bado haina sahihi ya pili. Mama alikuwa na miezi, labda majuma.

"Hilo si langu," alisema, na sauti aliyoitoa hakuitambua. "Mimi ni Pacifique. Mlinizika kwa jina la mdogo wangu."

"Nilijua," Honorable alinong'ona. "Ignace aliniambia siku ileile. Nikamjibu, jina ni karatasi tu."

Alexis akatoa barua kwenye mkoba, akaiweka juu ya zulia, akaweka kalamu juu ya barua. Mzee akaisoma huku midomo ikichezacheza. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba Alexis yu hai aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari njema za mtoto wa jirani. Akaishika kalamu. Hakuandika.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Kwamba umenisamehe. Hawa wengine hawasemi. Wanakunywa maji, wananitazama. Wewe una mdomo. Sema, nisaini."

Alexis alitazama vile viti. Walahi alitamani mmoja wao angekohoa tu. Aliwajua wote, wengine walikuwa wakija nyumbani kula. Golikipa alipenda ukoko wa wali. Hakuna aliyekohoa. Kilichokuwa kikidaiwa pale hakikuwa chake kukitoa, na alilijua hilo vizuri kabisa, msije mkasema baadaye kwamba hakujua.

"Nimekusamehe," alisema.

"Sema na jina lako."

"Mimi Pacifique, nimekusamehe."

"Na wenzako?"

"Wenzangu watasema wenyewe."

Honorable akasaini. Chloé alipokuja na chai aliwakuta wote wawili wamekaa chini, akaagizwa muhuri, akauleta, akagonga akidhani ni mambo ya klabu. Mlangoni alimshukuru sana fundi kwa uvumilivu wake. Alexis alishuka ngazi za mbele, akavuka barabara, akaipiga picha ile barua kwa simu papo hapo.

Barua ilifika Uvira kwa simu siku ileile, na yenyewe ikafuata mkononi mwa msafiri. Mambo ya serikali yakachukua muda wake. Mwezi wa tisa Chloé akapiga simu, sauti imechangamka mpaka Alexis akadhani ni mtu mwingine. Mjomba analala. Analala usiku kucha, anakoroma. Amesema viti vitolewe. Anakula, amenenepa, na zile suti zilizopunguzwa sasa zinambana. Je, fundi anaweza kuzifungua tena kiunoni? Uchaguzi umekaribia, lazima arudi nyumbani akaonekane.

Alexis alizifungua. Alikata uzi mmoja mmoja, zile nyuzi alizozishona mwenyewe, na Saida hakumtania siku hiyo. Kile kioo kirefu alikuwa ameanza kukigeuzia ukutani kila anapopita. Zamani aliyekuwemo humo alikuwa anamtazama tu. Siku hizi alionekana kama anangoja kuulizwa kitu.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili, mchana, simu ikalia. Ni mama. Jina lilikuwa limebadilishwa na leo ndiyo ilikuwa siku ya kulifunua. Ignace alimpeleka makaburini kwa gari na kumkalisha kwenye kiti. Kwa nyuma Alexis alisikia kipaza sauti, watu wengi, na ngoma ya klabu.

"Nimelia," mama alisema. "Nimelia kwa jina lake. Sauti imekauka."

"Ashukuriwe Mungu, mama."

"Umati ni mkubwa. Honorable mwenyewe yuko hapa, amevaa suti nzuri. Anaomba kura." Akapumua kwa shida. "Amesimama juu ya ule mnara na kipaza sauti, amewaambia watu kwamba Pacifique alimtokea kule Johannesburg. Anasema alimwona kama ninavyokiona kidole changu. Kwamba mtoto alimwambia kwa mdomo wake, nimekusamehe. Watu wamepiga vigelegele. Ignace pia analia."

Alexis alihamishia simu sikio la pili.

"Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu wewe uko huko." Sauti ya mama ilianza kutetemeka. "Miaka mitano nalala na mlango wazi. Nimemwomba hata ndoto moja, hata mgongo wake tu. Kwangu hakuja. Mimi niliyemzaa hakuja kwangu, akaenda kwa mtu yule. Nimemkosea nini? Ni kwa sababu nilimlilia kwa jina lako? Alinikasirikia?"

Saida alikuwa ameacha kushona. Nje, kijana wa chuo alipita akiongea kwa sauti kuhusu mtihani. Alexis alijua kwamba angeweza kunyamaza, na jina lingebaki kaburini salama, na mama angekufa akiamini mwanawe alimpita mlangoni.

"Mama, ni mimi," alisema. "Hakuja yeye. Nilikwenda mimi kumpima suti, akadhani ni Pacifique. Alikataa kusaini mpaka nimsamehe. Nikasema. Nilisema na jina lake."

Ngoma ya klabu iliendelea. Mtu alipiga filimbi karibu na simu.

"Alexis," mama yake alisema.

"Naam, mama."

"Ulimsamehe kwa mdomo wa nani?"

Alishika ukingo wa meza ya kukatia akangoja atukanwe, akangoja hata simu ikatwe, na vyote viwili vingekuwa afadhali. Lakini mama alipozungumza tena lile tetemeko lilikuwa limeondoka kwenye sauti yake.

"Kwa hiyo Pacifique hajaenda kwa mtu yeyote."

"Hajaenda, mama."

"Hajamsamehe."

"Hajasema kitu, mama. Ni mimi tu niliyesema."

"Sawa," mama alisema. "Basi mlango nitauacha wazi." Akamwambia Ignace amrudishe nyumbani, na akasahau kuikata simu, kwa hiyo Alexis aliendelea kuusikia ule umati ukimshangilia Honorable mpaka mlango wa gari ulipofungwa.